Panta ya Jhumur

Bokultola, 22 Mei 2003

Kwa Mama Taslim,

Salaam aleikum. Mimi sijambo, ila magoti yananiuma na mbuzi mweusi kazaa pacha. Natumai wewe, mwanao Taslim na wote wa nyumba yako mu wazima.

Mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Sikwenda shule hata siku moja. Jhumur ndiye aliyenifundisha herufi, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko langu, kabla hujaja kumchukua na masanduku yako ya harusi. Ukiona mistari imelala usicheke.

Sasa nisikilize. Mtoto wa mimba ya kwanza huzaliwa kwao msichana. Ndivyo ilivyo kwetu na ndivyo ilivyo kwenu, hata kama ninyi mmehamia Chittagong mkajifanya mmesahau. Mama yake Jhumur alikufa mtoto hajaota meno. Kwa hiyo kwao ni kwangu, hakuna kwao kwingine. Mwezi wa saba wa mimba ukiingia nakuja kumchukua. Paa nimeshaezeka, na kitanda nimekihamisha mbali na upande unaovuja.

Jambo la pili. Mwenye duka hapa alikuja huko kununua nguo, akamwona Jhumur. Kasema amekonda shingo. Nikamuuliza, wanamlisha nini? Kasema asubuhi anapewa mkate na chai. Mkate! Mama Taslim, huyo mtoto tangu kaota meno chakula chake cha asubuhi ni panta: wali wa jana uliolala ndani ya maji mpaka ukachacha, na pilipili ya kukaanga, na kitunguu kibichi. Najua ninyi watu wa mjini mnaona haya kula kiporo, majirani wasije wakadhani hamna kitu. Basi oneni haya ninyi. Yeye mpeni chakula chake.

Mwambie nampenda. Au usimwambie, anajua.

Mimi, Bibi yake Jhumur

*

Chittagong, Mtaa wa Noyapara
3 Juni 2003

Bibi yetu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako tumeipata, tukafurahi sana kuona mwandiko wako. Sisi ni wazima. Pole kwa magoti. Hongera kwa pacha wa mbuzi.

Bibi, la kuja kumchukua Jhumur naomba tulitazame vizuri. Taslim alipokuja kuposa aliiona pampu ya uani kwako: wale wapimaji wameipaka rangi nyekundu kwa sababu ya ile sumu ya ardhini. Utamnywesha mja mzito maji ya pampu nyekundu? Hapa kwangu maji yanatoka ukutani, jikoni, unafungua tu. Hospitali iko karibu. Mimi sikatai mila, lakini mila haikujua habari ya rangi nyekundu. Atajifungulia hapa, na karamu yake ya mwezi wa saba nitamfanyia mimi.

Na la panta. Mkate alitaka mwenyewe, tumbo lilikuwa linamsumbua. Lakini niliposoma barua yako sikungoja hata jioni. Kila siku sasa naloweka panta, kwa mkono wangu, simwachii msichana wa kazi. Jana kala bakuli mbili. Kasema, "Ma, hii ni tamu kama ya nyumbani." Sijasema mimi, kasema yeye.

Unajua Mungu alinipa wavulana watatu, hakunipa wa kike. Huyu ndiye wangu.

Mkweo, Dilruba, Mama Taslim

*

Bokultola, 12 Juni 2003

Kwa Mama Taslim,

Salaam aleikum. Marahaba. Sisi hapa ni wazima isipokuwa mimi, nina moto kifuani na wewe ndiye uliyeuwasha.

Kwanza: tangu lini anakuita Ma? Mimi nimemlea huyo mtoto na tetekuwanga yake na surua yake na ukaidi wake, na mimi ananiita Bibi. Wewe humjui hata mwaka mmoja, umemsukia nywele mara nne, umeshakuwa Ma! Haya. Mashallah.

Pili: habari ya pampu yangu nyekundu hukuwa na haja ya kuniandikia. Naiona kila asubuhi nikifungua mlango. Iko ya kijani, isiyo na sumu, kwenye madrasa, ng'ambo ya bwawa. Naweza kuchota huko. Sijafa miguu.

Tatu: panta yako siiamini. Unaloweka kwenye nini, sufuria la alumini? Nilijua. Nakutumia chungu changu cha udongo kwa mkono wa kondakta wa basi, kimefungwa kwa sari kuukuu, usimwache akikalie. Wali upoe kabisa kwanza. Maji yafunike wali kimo cha kidole kimoja. Na maji yawe mabichi, baridi, yale yale yanavyotoka. Usitie yaliyochemshwa. Maji yaliyochemshwa yamekufa, wali hauchachi, unakaa tu ndani yake kama mgonjwa. Jhumur akila panta ya maji yaliyokufa atajua mara moja, ulimi wake nimeufundisha mimi.

"Tamu kama ya nyumbani." Alikuwa anakuonea huruma.

Bibi yake Jhumur

*

Chittagong, 30 Juni 2003

Bibi yetu,

Shikamoo. Natumai mafuriko hayajakufikia jikoni. Tulikungoja kwenye karamu mpaka saa tisa. Baadaye tukasikia daraja limekatika, tukajua.

Ilifana, Bibi. Nilipika aina saba za chakula kama inavyotakiwa, na samaki wa hilsa mwenye mayai, na vitumbua vya mchele na nazi. Jhumur alivaa sari ya manjano. Wanawake wa mtaa mzima walimlisha kila mmoja tonge lake. Achari ya embe uliyotuma pamoja na chungu tuliiweka katikati, watu wakasifu. Na yeye alinipa zawadi mimi: shuka alilolishona kwa mkono kutokana na sari zangu za zamani, lina samaki na mayungiyungi pembe zote nne. Sikujua anashona vizuri hivyo.

Habari nyingine si nzuri sana. Taslim aliugua manjano. Macho yote kama binzari, mkojo kama chai ya rangi. Na si yeye peke yake, mtaa mzima una macho ya manjano. Maji yamejaa mpaka mlangoni, na bomba letu linapita ndani ya mtaro, watu wanasema limepasuka mahali. Nilimwita mzee wa dawa akamvisha Taslim kichwani lile shada la vijiti, linalorefuka kadiri linavyovuta manjano mwilini. Likarefuka siku kwa siku, likashuka shingoni, likashuka kifuani, lilipofika miguuni akalikanyaga akatoka. Amepona, amerudi ghalani kazini. Nampa maji ya miwa.

Tangu hapo maji ya kunywa nachemsha yote. Gesi inakwisha kama nini. Lakini kwa panta usihofu, nafuata maneno yako. Siku moja nilijaribu kutia yaliyochemshwa, Jhumur akasukuma bakuli: "Ma, huu wali wa hospitali." Nikacheka. Kweli ulimi wake umeufundisha. Nikarudi kwenye yale yale ya bombani, ndani ya chungu chako. Sasa anakula mpaka analamba vidole.

Nadhani panta yangu imeshaipita yako, Bibi. Usinikasirikie.

Mkweo, Dilruba

*

Bokultola, 9 Julai 2003

Mama Taslim,

Salaam aleikum. Pole kwa ugonjwa wa mwanao, nashukuru kapona. Manjano kwa mwanamume si kitu, mume wangu marehemu aliugua mara mbili na mara zote mbili alikuwa anaomba nyama.

Mimi mzima. Maji yaliingia jikoni mpaka kwenye meko, yakafuta zile herufi za mkaa ukutani, zote alizoandika Jhumur. Imebaki moja juu, karibu na dari. Nimeizungushia mstari kwa msumari.

Kwa hiyo amekushonea shuka. Lina samaki na mayungiyungi. Mimi mwezi huu kaniandikia mistari mitatu, na mmoja wa hiyo ulikuwa wa kuniuliza wewe unapendaje binzari, nyingi au kidogo, ili ajue kukupikia! Mimi ndiye wa kuulizwa unapenda nini wewe? Niliikunja ile barua nikaiweka chini ya godoro, halafu nikaitoa nikaisoma tena. Mistari mitatu haikuongezeka.

Nisikilize sasa, sitaki kugombana tena. Kila siku nachota ndoo ya maji kwenye pampu ya kijani ya madrasa. Hakuna anayeyanywa, namwagia miche. Nachota ili mwili uzoee, akija asikose hata kikombe. Wasichana wa madrasa wananicheka: "Bibi, unafanya mazoezi ya nini, unaolewa?" Nawaambia ndiyo, na baba zenu.

Mwezi wa nane ukiingia, barabara ikikauka, nakuja. Ukinifungia mlango nitakaa barazani kwako nikitukana mpaka majirani wakukimbie. Unanijua.

Bibi yake Jhumur

*

4 Agosti

Bibi,

Barua hii nimempa kondakta aje nayo mpaka mlangoni kwako. Macho ya Jhumur yamekuwa ya manjano tangu Ijumaa. Tulidhani ni yale yale ya Taslim, nikamwita mzee, nikamvisha shada, nikampa maji ya miwa. Nikangoja lirefuke. Leo asubuhi kaniuliza mimi ni nani.

Tuko hospitali ya serikali, wodi ya wazazi. Usijibu. Njoo.

Dilruba

*

Bokultola, 2 Septemba 2003

Mama Taslim,

Salaam aleikum. Nakuandikia kwa kuwa Taslim alisema utakuwa na wasiwasi.

Tumefika. Basi lilituchosha, lakini kondakta alimpa kiti cha mbele akalala. Macho yake yameanza kuwa meupe. Anatembea mpaka mlangoni na kurudi. Daktari alisema atapona, ila damu iliyomtoka itachukua muda kurudi, na maziwa yatakauka yenyewe. Hayajakauka. Kila asubuhi anabadilisha blauzi bila kusema.

Basi yuko kwao. Mila imetimia. Kitanda nilichokiandaa kwa wawili analala peke yake.

Niliyokwambia pale wodini mbele ya watu, kwamba umempoteza mtoto wa mjukuu wangu kwa mkono wako, siyafuti. Daktari alisema mwenyewe: hii ni homa ya ini ya maji machafu, mtu mwingine humpitia kama ilivyompitia Taslim, lakini mja mzito wa miezi ya mwisho humwangusha. Alikuuliza maji mnayafanyaje. Ulisema, nachemsha yote. Alikuuliza tena, yote? Halafu ukasema, "Panta." Niliisikia. Kila mtu aliisikia.

Usije huku. Hana nguvu ya wageni.

Bibi yake Jhumur

*

Chittagong, 11 Septemba 2003

Bibi,

Shikamoo. Natumai Jhumur anakula. Mpe ini la kuku kama hukulifikiria, daktari aliniambia baada ya ninyi kuondoka.

Chungu chako nakirudisha kwa kondakta yule yule. Nimekisugua kwa majivu mara nyingi. Kama hukitaki, kivunje.

Sikuandika kujitetea. Kweli ni mkono wangu. Mwanamke wa zahanati alipita mtaani akatuambia tuchemshe maji, nami nilimwitikia ndiyo, na siku hiyo hiyo jioni nikafungua bomba juu ya chungu. Kwangu panta haikuwa maji. Ilikuwa chakula. Daktari alisema huenda ni panta, huenda ni maji aliyoyanywa kabla sijaanza kuchemsha, hakuna atakayejua. Yeye anasema hivyo. Mimi usiku simsikii yeye.

Daktari alipouliza baadaye nani alisema panta isichemshiwe maji, sikukutaja. Barua yako ile ya maji mabichi sikumwonyesha mtu, hata Taslim. Niliichoma kwenye jiko. Una huyo mmoja tu duniani, Bibi, asije akakutazama kwa jicho jingine.

Lakini nikwambie ukweli mmoja halafu nikuache. Ile siku nilipomchemshia, akasukuma bakuli, ningeweza kumkatalia. Ningesema, kula au lala njaa, kama ninavyowaambia wanangu. Sikuweza. Nilitaka aseme yangu imeipita yako. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka nikisikia jina lako natia chumvi mara mbili.

Mtoto nilimwosha mimi. Alikuwa na kidevu chako. Nilimfunika na lile shuka la samaki.

Sitakuandikia tena. Mimi ni mzima, usiniulize.

Dilruba

*

Bokultola, 26 Septemba 2003

Dilruba,

Salaam aleikum. Umeniambia nisikuulize, nakuuliza. U mzima? Unakula? Kondakta kasema hutoki nje, na bomba la mtaani kwenu bado linapigwa viraka. Chemsha. Hata maji ya kusukutua, chemsha.

Mimi sijambo. Barua yako ilipofika nilikaa nayo kwenye ngazi za bwawa mpaka kuku wakarudi wenyewe bandani. Niliyakumbuka maneno yangu yote, hata lile la maji yaliyokufa. Nililiandika kwa raha, nikijua litakuuma.

Basi nikaingia ndani nikamwambia. Jhumur alikuwa anamenya kitunguu. Nikasema, "Mama mkwe wako hakufanya kwa akili yake. Mimi ndiye niliyemwandikia atie maji mabichi. Barua ameichoma ili usijue. Sasa umejua."

Hakunitazama. Akamenya kile kitunguu, akamenya kingine, akamaliza kikapu chote, Dilruba, vya kutosha harusi. Halafu akalala na uso ukutani siku mbili. Nilisema moyoni, haya, nimempoteza, nimemrudishia mwenzangu kwa mdomo wangu. Siku ya tatu akanyanyuka akasema, "Bibi, ninyi wawili mlikuwa mnanigombea kama sahani ya mwisho ya karamu. Kuna aliyeniuliza mimi nataka wapi?"

Nikasema hakuna. Nikamuuliza: unataka wapi?

Akasema, "Nataka hapa. Na Ma awepo."

Sikutaka kukuandikia hilo. Kalamu nimeiweka chini nikaenda kumfungulia mbuzi ambaye hakuwa amefungwa. Lakini anakuita, Dilruba. Usiku anamlilia mtoto wake, mimi nikimshika analia kimya ili asiniumize, naujua mgongo wake. Amesema wewe ulimwosha, wewe ndiye uliyemwona vizuri, yeye alikuwa hajitambui, na mimi nilikuwa nashughulika kukutukana. Anataka kuulizia vidole vyake, na nywele kama alikuwa nazo. Mimi simjibu, sijui. Wewe unajua. Hilo nalo nakuonea wivu.

Kwa hiyo njoo. Panda basi la asubuhi, kondakta nimeshamwambia, kiti cha mbele. Usilete mchele, usilete samaki, usilete maneno ya kuomba msamaha, hapa nyumbani hakuna pa kuyaweka. Lete vidole vyako tu vya kumsuka nywele, mimi nikisuka namvuta.

Chungu sikukivunja. Nimeloweka panta ndani yake. Nilichota maji kwenye pampu ya kijani, nikayachemsha hata hivyo, nikayapoza na kifuniko juu. Siku ya kwanza wali ukakataa kuchacha, ukakaa kama bibi harusi aliyenuna. Nikautia kijiko cha maji ya ndimu, nikausema vibaya, siku ya pili ukakubali. Nikampa. Akaonja. Akatafuna taratibu, macho kwenye dari, pale penye ile herufi iliyobaki.

Nikamuuliza, vipi?

Akasema, "Ya Ma ilikuwa tamu zaidi."

Na akacheka. Dilruba, alicheka! Meno yote. Tangu hospitali sijayaona. Niliumia hapa katikati ya kifua, nikamwongezea bakuli la pili, akala.

Njoo ujionee kama ni kweli. Maji ya kwako nimeshachemsha.

Dada yako, Sokhina